Mwanga Nyuma ya Mti Mweusi

Kwa miaka mitatu nililinda chumba kimoja cha jumba la sanaa katikati ya Johannesburg, nimesimama saa nane kila siku mbele ya picha ya Ulaya yenye umri wa miaka mia mbili. Wageni huitazama dakika moja, kisha hao, wanakwenda zao. Mimi naijua kuliko nguo zangu.

Kwa hiyo mwaka 2017, jumba lilipotangaza kazi ya mwongoza wageni, nafsi iliniambia: Godelieve, hii ni yako. Tatizo Kiingereza. Mimi Mrundi, nakisikia vizuri, ila kukiandika kunanishinda. Nikamwomba Lambert, Mkongomani tuliyekaa naye nyumba moja mtaa wa Bertrams, aniandikie barua.

"Sema tu, dada. Mi nitaandika yote," aliniambia.

Nikasema. Kwamba mchoraji kaweka mti mweusi kushoto makusudi, akalificha jua nyuma yake, ili jicho lianzie gizani, lifuate mto mpaka kule kunakong'aa. Kwamba robo tatu ya picha ni mbingu, na mwanadamu kapewa udogo wa sisimizi ili tuuone ukubwa wa mwanga. Lambert alijaza kurasa nne, akasema ataipeleka mwenyewe.

Sikuitwa. Jumatano moja ya mwezi uliofuata Lambert aliingia kwenye chumba nilicholinda na wageni kumi, beji ya mwongozaji kifuani. Hakunitazama. Alianza na mti mweusi, akashuka mtoni, akamalizia na mbingu, neno kwa neno. Kikulacho ki nguoni mwako, najua, lakini huyu nilikuwa nampikia ugali!

Kisha akawaonyesha yule mtu mdogo kando ya mto, akasema anamkumbusha mama yake, aliyezama mto Malagarasi akikimbia vita.

Aliyezama ni mama yangu. Nilimwambia Lambert kama siri, si jambo la kuandikwa. Bibi mmoja akamshika mkono, akampa pole, naye akaipokea, kichwa kainamisha.

"Lambert," nikasema kwa Kiswahili, "maman wako si tuliongea naye Jumapili kwa simu, yuko Lubumbashi, mzima? Huyo unayemlilia ni wangu."

Wageni wakamgeukia, wakitaka kujua mlinzi kasema nini.

"Anaomba tusiisogelee sana picha," akawatafsiria.

Wote wakarudi nyuma hatua moja, wakaniomba radhi.