Chai ya Konseli

Konseli, balozi mdogo wa nchi moja ya kigeni, alitualika kwenye mkahawa wa mtaa wa Wan Chai asubuhi, akaagiza mwenyewe maandazi ya mvuke yenye kamba wa baharini kwa Kikantoni chetu, tena kwa kujidai. Kamati yetu ilikuwa imechoka kubisha hodi ubalozi hadi ubalozi tukiomba jambo moja: Waingereza wakishatukabidhi kwa Beijing, mambo yakichafuka, watu wa Hong Kong wote wapate pa kuishi. Wote! Neno hilo mabalozi walilikwepa kama ukoma.

"Wote haiwezekani," alisema Konseli. "Ila nyinyi wanakamati na watoto wenu, serikali yangu itawapokea. Lakini yaishie hapa."

Sitadanganya, moyo uliniruka. Binti yangu Ka-po alikuwa na miaka minne. Lakini mama yangu, aliyeikimbia China bara kwa kuogelea usiku hadi Hong Kong, hakuwamo.

Konseli akainua birika, akaanza kutumiminia. Kwetu ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yetu. Alilijua hilo vizuri, akawa anasubiri tugonge huku anatabasamu. Mwenyekiti wetu, mzee Szeto, alishainua vidole.

Nilifunika kikombe changu kwa kiganja. Chai ya moto ikanimwagikia mkononi.

"Bi Ngan! Umeungua!" alimaka Konseli.

"Nimeungua, ndiyo. Lakini sigongi."

"Una wazimu, mama Ka-po?" Szeto alininong'oneza.

"Gonga wewe, mzee. Halafu ukamwambie mama mkwe wako kwamba umemwacha."

Szeto alikunja vidole, akauficha mkono chini ya meza. Hakuna aliyegonga. Konseli akabaki amesimama na birika lake.

"Sasa niwaambie nini wakubwa zangu?"

"Waambie neno moja: wote," nilisema. "Hilohilo."

Nyumbani, mama aliuona mkono wangu, nikamsimulia. Akawaka.

"Umekataa? Na mtoto je? Mpumbavu mkubwa wee! Mimi niliyameza maji ya bahari ili wewe uje ukatae mlango uliofunguliwa?"

"Ulifunguliwa kwangu, mama. Kwako ulifungwa."

Akanifunga kitambaa mkononi, akikaza kwa hasira hadi nikalia. Nikammiminia chai kwa mkono wa kushoto. Mama hakuwahi kunigongea meza hata siku moja. Mzazi hamshukuru mwanawe kwa chai.

Aligonga mara mbili.

"Kesho mnakwenda ubalozi gani?" aliuliza. "Nakuja."