Neno Nililoazimwa Bwaloni

Usiku wa jana, Jumatano tarehe 13 Machi, saa kumi kasoro dakika tano, huku mvua ya Tukuyu ikiyapiga mabati bila adabu, niliota nimerudishwa bwaloni.

Nieleze chanzo. Mjukuu wangu Atuganile, mwenye umri wa miaka minane, hatamki maneno, na vidole vyake humtii kwa kuchelewa. Ameanza kujifunza kuzungumza kwa kugusa picha katika kishikwambi, nacho humsemea. Jana jioni, nilipomsogezea uji, kishikwambi kilisema: "Sitaki."

"Mtoto hamwambii mkubwa 'sitaki'," nilimwambia mama yake, binti yangu Tusekile. "Shuleni kwetu tulikula kilichopakuliwa, tukashukuru. Ifute picha hiyo. Na kisifunguke kitu humo mpaka aguse 'Shikamoo'."

"Baba, hilo ndilo neno lake la kwanza."

"La pili litakuwa na heshima."

Akaifuta. Mtoto akaumaliza uji machozi yakimtiririka, nami nikaenda kulala nimeridhika.

Bwalo ni lile lile la shule yetu ya bweni, ila kwenye mabenchi vimeketi vyombo. Navuta kiti. Kinagoma.

"Hujanisalimu."

"Mimi ni mkubwa kwako."

"Nilichongwa mwaka arobaini na saba," kinajibu.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Keti."

Meza nayo inadai salamu yake, kisha bakuli, kisha kijiko. Chumvi inataka kila punje isalimiwe peke yake. Naanza, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

Sijafika mbali, upawa mrefu kama mlingoti wa bendera unashuka na kunijazia bakuli. Uji una tangawizi, kitu ambacho tumbo langu halikivumilii kamwe. Nafungua mdomo nikatae. Linatoka neno moja tu: "Shikamoo."

"Marahaba," unajibu upawa, na kuniongezea.

Nalisukuma bakuli.

"Anashukuru," kinaeleza kijiko.

Naziba mdomo kwa kiganja.

"Ana haya huyu," kinasema kijiko. "Mwongezee."

Sakafu inageuka kioo. Nimesimama juu ya kishikwambi kipana kama uwanja wa gwaride, uji ukinipanda magotini. Chini ya viatu vyangu zimo picha: Mama, Maji, Choo, Shikamoo. Pale ilipokuwa "Sitaki" pana mraba mtupu. Nainama, naubonyeza kwa kidole gumba kilichojaa uji.

"Kidole hakitambuliki," kinasema kioo. "Kina kovu."

Ni kovu la fyekeo. Nililipata kidato cha pili, nikifyeka uwanja bila kulalamika. Nataka kukieleza hayo. Linatoka "Shikamoo."

"Marahaba. Gusa tena."

Nagusa.

"Umewahi mno."

Nagusa.

"Umechelewa."

Nimekaguliwa na wakuu wa shule, nimekaguliwa na maofisa wa wilaya. Sijapata kukaguliwa kwa upumbavu wa namna hii. Uji umenifika kifuani.

Ndipo namwona Atuganile kwenye meza ya walimu, amevaa sweta lake la kijani. Mkono wake unayumba kama kawaida yake, na bwalo zima linasubiri. Hakuna kikombe kinachokohoa. Anagusa, na kishikwambi chake kinasema: "Babu." Mkono unayumba tena, tunasubiri tena. "Azima."

Anatikisa mkono wa sweta. Inadondoka picha niliyoamuru ifutwe: kiganja kinachosukuma bakuli.

"Rudisha," anagusa. "Asubuhi."

Naitikia kwa kichwa. Nimelelewa katika shule ambamo ahadi ilikuwa ahadi. Naiweka picha katika ule mraba mtupu, nabonyeza, naacha kidole hapo.

"Sitaki," kinasema kioo kwa sauti ya kitoto.

Upawa unasimama hewani.

"Ungesema mapema, mzee," unasema, na kwenda zake bila kinyongo. Ustaarabu ule ulinikera kuliko uji wote.

Niliamka kumekucha. Tusekile alikuwa sebuleni, ameshika kishikwambi na kitambaa.

"Baba, nani kala uji juu ya kioo?"

Nilitazama. Katika ule mraba mtupu palikuwa na alama ya kidole gumba, ya uji uliokauka, iliyokatwa katikati na kovu.

"Usifute," nilisema. "Rudisha lile neno."

"Neno lipi?"

"Lake. Niliazimwa."

Akalirudisha. Niliketi mbele ya Atuganile, nikamsogezea bakuli. Mkono wake ulianza kuyumba. Ulimi wangu ulitaka kumkumbusha "Shikamoo". Niliubana kwa meno, nikangoja, chai yangu ikapoa.

"Sitaki," kikasema kishikwambi.

Nikaliondoa bakuli.