Mstari wa Pili

Thắm alimkata kamba wa tano matamvua kwa kisu kidogo, akayaponda ndani ya kichupa mpaka yakawa uji wa kijivu. Mkia wa kamba ulikuwa bado unapigapiga juu ya jani la mgomba.

"Mwone huyo," alisema Nhơn, mdogo wake, aliyesimama mlangoni na glasi ya kahawa ya barafu. "Kakatwa na bado anataka ugomvi. Ndiye mgonjwa huyo?"

"Subiri kisanduku kiseme."

"Haya. Siku hizi dada yangu hata mvua haiamini mpaka aulize kisanduku."

Thắm alicheka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, na shule aliiachia darasa la nne. Mwaka juzi ugonjwa wa madoa meupe uliupitia mfereji wao, ukamaliza kamba wa kitongoji kizima kwa siku tisa. Bwawa lake ndilo lililotangulia, na hakufuga tena. Ushirika ulipoleta kisanduku cha kunasa kirusi kabla jicho halijaona doa, wanakijiji walimkabidhi yeye. Hana bwawa, walisema, hatampendelea mtu. Walisahau kwamba ana ndugu.

Saa moja ilipopita alikitoa kichupa kwenye joto la kisanduku, akachovya kijikaratasi. Ukatokea mstari wa kwanza, ule ambao hutokea kila mara. Kisha chini yake, mwembamba kama unywele, ukatokea wa pili, ule wa ugonjwa.

Nhơn aliweka glasi chini. "Rudia."

Alirudia kwa kamba wengine wa bwawa la Nhơn. Safari hii mstari wa pili ulikolea.

"Wana siku sabini, dada. Zimebaki wiki mbili tu za kuwavuna." Sauti ya Nhơn ilikuwa imeshuka. "Saa tisa maji yanaanza kupwa. Nikifungua lango, bwawa linakauka kabla ya magharibi, nawaokota wote wakiwa hai. Wewe leo hukupima. Utapima kesho."

"Na hayo maji yataenda wapi?"

Yangeenda kwa mzee Lượm, mwenye bwawa linalofuata mferejini, na kutoka kwa Lượm yangeenda kwa wote.

"Vua kwa nyavu," alisema Thắm. "Lango usiliguse."

"Peke yangu? Siku tatu hizo! Watakuwa wameoza." Alimtazama dada yake kama mgeni. "Baba alipokufa ulisema utakuwa mama yangu na baba yangu. Kumbe umekuwa karani wa kisanduku."

Thắm alitoka. Alikwenda kwenye lango la bwawa, akafunga kitambaa chekundu kwenye mti, ishara ya ugonjwa, kama kitongoji kilivyokubaliana. Fundo lilimponyoka mara mbili. Kisha akakaa juu ya mbao za lango, miguu ikining'inia.

Lượm ndiye aliyefika kwanza, kwa pikipiki, matope hadi magotini.

"Kweli?"

"Kweli, mjomba."

Mzee alishuka kwenye pikipiki. "Nhơn ana nyavu ngapi?"

"Moja."

"Mwaka juzi mimi nilikuwa nazo tatu," alisema Lượm, "na bado nilifungua lango, kamba wangu wakiwa tayari na madoa. Alfajiri, kabla hamjaamka."

Mjusi alikatiza ukutani mwa tuta, akapotea. Thắm alihisi mbao zikimchoma mapaja.

"Bwawa langu lilikuwa la kwanza kufa," alisema hatimaye.

"Najua. Nilikuwa nikipita pale kila siku nikitazama pembeni." Mzee aliwasha pikipiki. "Nakwenda kuita watu."

Saa tisa ilikuta watu kumi na mmoja wakiwa bwawani, maji kiunoni, nyavu zikifunguka na kujifunga. Wengine walitaniana, Nhơn hakutania. Alipita mbele ya dada yake mara nne na vikapu, asimpe hata jicho.

Nje ya lango maji ya mfereji yalizidi kupwa, na ya bwawani yakabaki juu, yakizielemea mbao. Ufa mdogo ulianza kutoa machozi. Thắm alipiga magoti, akaugandamiza kwa tope, tope likabebwa. Akachota jingine. Ndipo bonge zito la udongo wa mfinyanzi likadondoka karibu na mkono wake, na alipoinua macho, Nhơn alikuwa ameshampa mgongo, ameinama anachimba jingine.