Mke Ana Miaka Mingapi?

Nimejifunza aljebra nikiwa na miaka sitini na nne, na asikudanganye mtu kwamba elimu haina mwisho. Ina mwisho, mimi nimeufikia. Kazi yangu ni cherehani. Hesabu ninazozijua ni za futi ya kupimia: kifua, kiuno, urefu wa mkono, ongeza kidogo ya upindo, basi. Hizo x na y niliziona miaka yote kwenye ukuta wa sebule yangu, nikawa nazipangusa kama ninavyopangusa vumbi.

Aliyeziandika ni mume wangu. Alifundisha hisabati sekondari mpaka akastaafu, na alipostaafu hakustaafu. Alipaka rangi nyeusi kipande kizima cha ukuta bila kuniuliza, nikanuna weee mpaka nikachoka mwenyewe, na kila alasiri watoto wa mtaa wakawa wanakuja na maswali yao yaliyowashinda. Hakuwatoza kitu. Alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, hukai mezani kwake bila swali. Ukija mikono mitupu, utarudi ulikotoka. La pili alilirudia mpaka hata kasuku angelikariri: "Jibu kilichoulizwa. Kisichoulizwa, kiache." Mtoto akihangaika na urefu wa shamba wakati swali linataka upana, mzee anamkatiza: "Nani kakuuliza urefu?" Wanacheka, wanafuta, wanaanza upya.

Kisha akili yake ikaanza kuvuja. Zilianza funguo, yakafuata majina ya watu, mwisho njia ya kurudi kutoka dukani. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma. Mimi nilidhani hesabu ndizo zitakazotangulia kuondoka, maana ndizo ngumu. Thubutu! Hesabu zilibaki zote. Niliyeondoka ni mimi.

Siku moja nilimpelekea chai, akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama. Hapa shuleni mnatutunza vizuri." Nilicheka, nikijua ananitania kama kawaida yake. Hakuwa anatania. Tangu hapo mimi ni mama wa chai, na sebule yangu ni ofisi ya walimu. Watoto wakiondoka anakusanya chaki zake, anavaa koti, anasema, "Haya, niwahi nyumbani. Mke wangu ananisubiri." Na anatoka kweli! Anakwenda kunitafuta mimi, jamani, huku ananipita mimi mlangoni. Nikimzuia anakasirika. "Mama, mimi nina mke wangu, niache," ananiambia. Mara ya mwisho jirani yetu kinyozi alimkuta katikati ya barabara kuu, magari yanapiga honi, naye kasimama anaangaza huku na huku.

Habari hiyo ilimfikia wifi yangu, dada yake mdogo, akapiga simu. Wifi ana nyumba yenye geti, wanawe ni watu wazima, wa kumwangalia hawakosekani. "Maji yamezidi unga, wifi," alisema. "Peke yako humwezi. Na usinielewe vibaya, lakini wewe hata hakujui. Mimi ananijua."

Maneno yale yalinichoma, na mimi nikichomwa mdomo hautulii. Nikamjibu, "Njoo Jumamosi. Akinitambua mbele yako, anabaki kwangu na usilitaje tena jambo hili. Asiponitambua, mchukue." Nikakata simu. Hasira hasara, na hasara zangu zote nimezipata kwa mdomo.

Sasa nimfanyeje anitambue? Picha za harusi nilishamwonyesha. Aliniuliza kama bibi harusi ni binti yangu, akamsifia. Nilishamlilia. Nilishamfokea. Ananitazama kwa huruma tu, kama anayemtazama mgeni aliyeachwa na basi. Lakini mtoto akiweka swali mezani, mume wangu anarudi mzima mzima. Anakunja mikono ya shati, anatania, anamtazama mtoto usoni na kumsikiliza mpaka mwisho. Mimi hanitazami hivyo. Nilikuwa nakaa na cherehani yangu pale pembeni nikiwaonea wivu watoto wenye kamasi, nasema bila aibu.

Nikaamua nami niende na swali.

Aliyenifundisha ni binti wa kinyozi, mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Shule zilikuwa zimefungwa, akawa anakuja asubuhi mzee akiwa bado amelala, tunachora kwa chaki yangu ya vitambaa kwenye karatasi za kukatia nguo.

"Bibi, namba ikihamia ng'ambo ya sawasawa, inageuka alama."

"Igeuke kwa nini? Imekosa nini?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kichwa changu ni kigumu, Mungu anajua, lakini kikaelewa: pande mbili za mlinganyo ni kama mikono miwili ya gauni. Ukipunguza huku, punguza na kule, ama sivyo utaaibika mbele ya mteja. Tulipofika hapo nikatunga swali langu mwenyewe, la umri, maana hayo ndiyo anayoyapenda mzee. Binti alilisoma, akalisoma tena.

"Bibi, una hakika hiki ndicho unachotaka kumuuliza?"

"Kwani lina kosa?"

"Kosa halina."

"Basi niache nalo."

Mimi na ujuaji wangu. Nilidhani akishaiona miaka yetu imepangwa pale ukutani, mengine yatajileta yenyewe.

Jumamosi wifi alifika alasiri na begi tupu la kuchukulia nguo za kaka yake. Niliwaambia watoto wasije, nikamweka yeye kwenye kiti cha pembeni. Mume wangu alipomwona alifurahi. "Mdogo wangu! Umenifuata mpaka shuleni?" Nikavuta kiti, nikakaa pale wanapokaa watoto.

"Mama wa chai," akaniambia, "hapa wanakaa wenye maswali."

"Ninalo."

Akageuka akanitazama. Wallahi alinitazama, usoni, kama mtu. "Lete."

Nikalisoma. "Mume amemzidi mkewe miaka saba. Ukijumlisha umri wao unapata mia moja thelathini na tano. Mke ana miaka mingapi?"

"Swali zuri!" Akakunja mikono ya shati, akasimama ukutani. "Nani hatumjui hapa?"

"Mke," nikasema.

"Hatumjui bado, kwa hiyo tumwite x. Na mume?"

"X, jumlisha saba."

"Ebo! Mama wa chai, ulikuwa umejificha wapi wewe?"

Nikainuka nikasimama naye. Tukaenda bega kwa bega, mstari kwa mstari. Nilipotaka kugawanya kabla ya kuitoa ile saba, alinigonga kidole kwa chaki, nikaguna, akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Nilimsahau hata wifi. Mia moja ishirini na nane, gawanya kwa mbili. Akaandika mwenyewe kwa herufi zake zilizolala: mke ana miaka sitini na nne.

"Na mume sabini na moja," nikadakia.

"Nani kakuuliza mume?"

Nikamshika ule mkono wenye chaki. "Mwalimu, mimi nina miaka sitini na nne. Mtazame vizuri huyu mke. Huyu mke ni nani?"

Aliutazama ukuta. Akanitazama mimi. Akatikisa kichwa taratibu, kama anavyomrudi mtoto asiyesoma swali mpaka mwisho. "Hilo halikuulizwa, mama."

"Nauliza sasa."

"Hiyo si hesabu." Akauchomoa mkono wake kwa adabu. "Hiyo kamuulize mumewe."

Wifi aliinamisha kichwa. Mume wangu alianza kukusanya chaki zake kwenye mkebe.

"Muda umekwisha," akamwambia dada yake. "Mke wangu nikichelewa, he! Yule ana mdomo. Atafoka mpaka majirani wafunge madirisha." Akatabasamu peke yake. "Lakini akimaliza kufoka anavuta cherehani yake mpaka kwenye kiti changu. Nyumba nzima ina nafasi, yeye anakuja kubanana na mimi."

Wifi akaangua kilio. Alikuja akanishika mabega. "Wifi, si ni wewe huyo anayekusema? Anakukumbuka. Umeshinda, mimi simchukui."

Nilitamani kulipokea neno lile, nalilia mpaka leo. Lakini mume wangu alikuwa ameshavaa koti, kasimama mbele ya mlango, na mimi nimekimbilia kuuziba kama kawaida yangu. Usoni mwake niliona woga wa mtu aliyezuiliwa na watu asiowajua. Kesho angetoka tena kunitafuta, na kesho kutwa, na barabara ile haina huruma. Angenitafuta kila mahali isipokuwa hapa, maana hapa kwangu mimi sipo.

"Mchukue," nikasema.

"Wifi..."

"Nimesema mchukue!"

Nilifungasha nguo zake mwenyewe, shati juu ya shati. Wifi akajifuta macho, akamshika mkono. "Kaka, twende nyumbani."

"Kwa mke wangu?"

Wifi akanigeukia mimi. Ikabidi nijibu mimi. "Ndiyo, mwalimu. Kwa mkeo. Anakusubiri."

Uso wake wote ulifunguka. Sijapata kuona mtu akifurahi vile kwa ajili yangu. Nikamfunga vifungo vya koti, nilivishona mwenyewe vile, akasimama kimya kama mtoto mpaka nikamaliza. "Asante kwa chai," akasema. Akaonyesha ukuta. "Usisahau kuhakiki jibu, mama. Lirudishe kwenye swali uone kama linakubali."

Nilisimama mlangoni mpaka gari likakata kona. Niliporudi ndani, nikachukua chaki yangu ya vitambaa, nikafanya kama alivyoniagiza. Sitini na nne, jumlisha sitini na nne, jumlisha saba. Ikatoka mia moja thelathini na tano, sawasawa kabisa. Nikageuka nimwonyeshe.