Soko Lisilo na Nyanya

Diwani alimwacha mkewe mwaka uleule aliochaguliwa. Hakumwambia uso kwa uso. Alimtuma dada yake aje kusema kwamba mke wa diwani hawezi kuonekana njia panda amekalia ndoo, anauza nyanya.

"Mwambie nyanya hizohizo ndizo zilizomshonea suti ya kampeni," mwanamke alimjibu wifi yake. Akafunga virago, akarudi kwa mama yake, na kesho yake alfajiri alikuwa njia panda, juu ya ndoo yake.

Hapo njia panda ndipo wakulima wa bonde zima waliposhusha matenga yao na malori ya mjini yakapakia. Hapakuwa na paa wala choo. Mvua ikinyesha watu walijibanza chini ya malori. Jua likiwaka, nyanya zilipasuka zenyewe. Wauzaji waliililia halmashauri miaka mingi, na hatimaye fedha zikapitishwa za kujenga soko lenye paa, vyoo, bomba la maji na chumba cha baridi cha kuhifadhia mazao. Muuza nyanya, aliyekuwa kiongozi wa wauzaji, alizunguka eneo lile na mhandisi, akimwonyesha malori yanapogeuzia.

Kisha diwani akalihamisha soko. Kwenye mkutano wa hadhara alisema njia panda pana maji yanayotuama, kwa hiyo litajengwa juu mlimani. Kila mtu alijua kilichokuwa kule mlimani: nyumba ya wageni aliyokuwa anaimalizia yeye na mke mpya.

Muuza nyanya alisimama. "Mheshimiwa, mkulima atapandishaje tenga mlima ule?"

Diwani hakumtazama. Alimgeukia mhandisi, akatabasamu. "Huyu mama bado ana kinyongo na mimi. Mambo ya chumbani tusiyaingize kwenye maendeleo."

Watu waliangua kicheko. Hata wauzaji wenzake walicheka, wengine wakificha nyuso kwa kanga. Alikaa chini taratibu. Masikio yalimwaka moto, na kicheko kile kikamkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Hakwenda kushtaki popote. Aliacha kuta zipande, bati liezekwe, rangi ipakwe. Muda wote huo alikuwa akiwafuata madereva wa malori, mmoja baada ya mwingine. Wote walimjua, aliwapikia walipokwama, akawatetea kwa wake zao walipochelewa.

"Mlima ule utamaliza breki zenu," aliwaambia. "Mimi nitakuwa hapahapa. Atakayepanda, asinitafute tena kwa mzigo."

Kwa wakulima alisema hivi: "Mtamlipa mbebaji, na jioni ikiwakuta huko mtalala kwa diwani. Kama mnataka kumtajirisha, shauri yenu."

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi kutoka makao makuu alikata utepe, akapita katikati ya meza mpya za saruji. Zote zilikuwa tupu, isipokuwa moja, ambapo mama mzazi wa diwani alikuwa ameketi na mafungu machache ya vitunguu.

"Nyanya ziko wapi?" mgeni aliuliza.

Kutoka pale juu yalionekana malori yamejipanga njia panda, yanapakia.

Baada ya miezi kadhaa ya meza tupu, diwani aliteremka mwenyewe, viatu vimejaa matope. Alimwinamia muuza nyanya, akanong'ona, "Mwenzangu, tuzungumze."

"Sema kwa sauti. Wenzangu nao wasikie."

Diwani alipaza sauti. "Nawaombeni mpande. Soko litafungwa."

Muuza nyanya aliendelea kuchambua nyanya. "Na vyoo tulivyoomba viko wapi?"

"Viko juu."

"Basi kavitumie."

Njia panda nzima ilicheka. Muuza nyanya hakucheka. Alimtazama diwani akipanda mlima, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe, kifua kikawa chepesi.

Soko lilifungwa kweli. Halmashauri ikang'oa mitambo ya chumba cha baridi, ikaipeleka kata nyingine. Diwani akaanguka uchaguzi, na nyumba ya wageni ikabaki na popo.

Lakini msimu uliofuata mavuno yalifurika, na mvua ikakata barabara ya mjini. Malori hayakuja. Mdogo wa kiume wa muuza nyanya, aliyelima zaidi ya wote, alimwaga matenga yake korongoni huku dada yake akimsaidia, mikono yao ikinuka uvundo.

"Dada, kile chumba cha baridi kingetuokoa."

"Najua."

"Ungetuacha tupande mlimani hata mwaka mmoja tu. Hujuti?"

Alijifuta mikono kwenye nyasi kabla ya kujibu. "Kwa hizi nyanya zako, najuta. Kwa yule, hapana. Ningerudia."

Mdogo mtu alibeba tenga lake tupu, akaondoka. Hakumsemesha tena mpaka msimu wa kupanda.