Ufito wa Kumi na Tano

...na usiachie, Népomuscène alijiambia, ukiachia sasa ufito utaruka kama panzi na gundi itakurukia mpaka kwenye miwani, shika tu, vidole gumba viwili, dakika kumi, labda kumi na mbili kwa unyevunyevu huu, na yote haya kwa sababu Consolée amechukua vibanio vyake vya nguo, alikuja asubuhi akavichomoa kimoja kimoja ubavuni mwa kiboti cha mfano, akisema ana mashuka ya kuanika na hajawahi kuona mwanamume wa miaka sitini na nane anayeanika boti, haya, mashuka ni mashuka, lakini sasa kibanio ni yeye mwenyewe, na mgeni yuko sebuleni... mgeni, eti, mdogo wake wa tumbo moja. "Baba Christa, Bonfils iko hapa," Consolée, mkewe, alikuwa amesema mlangoni, kwa sauti ya chini, kama anayeleta habari ya msiba, naye akajibu bila kugeuka, "Mi siwezi kuachia hii, angojee kidogo," na ilikuwa kweli, gundi haijui mgeni, ingawa alifurahi kidogo kwamba ilikuwa kweli. Miaka kumi na mmoja Bonfils hajakanyaga nyumba hii ya Kibenga, na leo amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, kwa sababu ya Jumamosi, nani asiyejua, Jumamosi wanakuja kumposa Mélissa, binti wa Bonfils, watu wa mwanamume watafika na vinywaji vyao na msemaji wao, na upande wa msichana lazima mtu akae kiti cha katikati awajibu, na mtu huyo ni kaka mkubwa wa baba yake, yaani yeye mwenyewe, akikosekana atakaa jirani, na ukumbi mzima utanong'ona kwamba ukoo wa Bonfils umepasuka. Basi waache wanong'one. Jibu alikuwa nalo tangu Jumanne, alilipiga msasa vizuri, neno moja tu, apana. Aligandamiza zaidi, maji ya ufito yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, alikuwa ameuloweka usiku kucha ndipo ukakubali kukumbatia mataruma, zile mbavu za kiboti, na huu ulikuwa wa kumi na tano, upande wa kulia, upande wa dirisha ambako mwanga ni mzuri na macho yake hayasumbuki... "Hii mvua, muramu, iliharibu njia yetu yote," sauti ya Bonfils ilimwambia shemeji yake kule sebuleni, na Consolée akacheka, kicheko kilekile, alicheka hivyo hata Kajaga siku ile, kwa aibu, watu wote ufukweni walipokuwa wanacheka kwa raha, maana boti la mita kumi na mbili, la kupeleka mizigo Rumonge, kazi ya miezi saba ya ndugu wawili, liliingia ziwani, likaenda hatua chache, likaanza kugeuka kulia, likageuka tena, likazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mpaka nahodha akaruka majini akidai hilo si boti. Likaishia kuwa kuni. Naye Népomuscène alisimama mbele ya watu wote akasema mbao za kushoto ndizo zimelisukuma, za kushoto, za Bonfils, alizozipigilia mbiombio aliporudi kutoka matangani kwa mama mkwe wake, na akaendelea kusema hivyo arusini, kanisani, kwenye bia, mpaka hakuna aliyempa tena Bonfils kazi ya boti, sasa anatengeneza vitanda huko Kigobe, Bonfils aliyekuwa na mkono kuliko... hakujitetea hata mara moja, mjinga yule. Ndiyo maana ya hiki kiboti, kama kuna wa kuuliza, kiwe boti lile lile, dogo, bila mkono wa Bonfils, kielee kwenye beseni, kiende sawa. Shingo ilimuuma, akainamisha kichwa, shavu likakaribia meza, jicho moja likajifumba lenyewe kwa mazoea ya useremala, na lingine likapita juu ya mkuku, ule mti wa chini unaobeba kila kitu, kutoka nyuma mpaka mbele... si sawa. Akafumbua, akafumba jicho la pili. Pua ya kiboti ilikuwa imekwenda kulia, unene wa njiti ya kiberiti, fito kumi na tano zinavuta kulia, na kushoto hakuna hata mmoja wa kuzizuia. Moja kulia, moja kushoto, Grand, usifanye upande moja peke yake, itapinda... nani alisema hivyo, nani humwita Grand, yaani kaka mkubwa, Bonfils alisema, ameshika begi, anapanda gari la kwenda matangani, na yeye alijibu c'est bon, sawa, nenda, halafu siku tisa alipigilia upande wa kulia wote, mbao kumi na moja, kwa sababu ukuta wa ghala ulitupa kivuli upande ule na kushoto jua lilikuwa kali. Kivuli. Kwa ajili ya kivuli. Alitafuta hasira yake pale alipoizoea, hakuikuta, palikuwa na haya tu, haya ya kitoto inayochoma masikio. "Baba Christa!" Consolée aliita. "Muramu anasema anaenda, atarudi siku ingine," na kiti kikaburutwa sakafuni, na gundi bado, dakika nne, tano, vidole vimekufa ganzi, na lile neno la Jumanne halikuwapo tena mdomoni.

"Asiende!" alipaza sauti. "Umuambie aje huku."

"Aje kufanya nini?"

"Aje aone kitu mi nilifanya."

Chupa ya Fanta ikawekwa mezani, na viatu vikaanza kuja koridoni taratibu, navyo vidole gumba viwili bado viko palepale juu ya ufito, vinagandamiza.