Ziwa Lililofungwa Kwa Kuchelewa

Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi alikuwa na ulimi mwepesi, na siku ile ya mkutano ulimponza. Mpwa wake wa kike, mtaalamu wa samaki ambaye wavuvi walimwita Miwani, alisimama akaeleza kwamba maji ya ziwa yamepata joto na kambare wanataga mapema kuliko zamani. Kamati hufunga uvuvi ili samaki wazaane, lakini siku hizi inafunga wakati wamekwisha kutaga. Akaomba ziwa lifungwe mwezi mmoja kabla.

"Kumbe kambare nao wamenunua kalenda!" mwenyekiti alidakia.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Miwani akakunja michoro yake, akaketi. Kura ikapigwa, tarehe ikabaki ileile.

Kesho yake mke wa mwenyekiti alimwita mumewe jikoni. Alikuwa amepasua kambare wa chakula cha mchana, na tumbo lilijaa mayai hata yakamwagika kwenye sinia. Akapasua wa pili. Vilevile.

"Na ziwa bado liko wazi," mkewe alisema. "Haya, baba, tucheke tena."

Samaki wale mwenyekiti aliwavua mwenyewe. Chakula kilipoiva, alisema hana njaa.

Alasiri alimfuata Miwani ofisini, akapita mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Miwani akampa kiti, akamwuliza magoti yanaendeleaje. Heri angemtukana.

"Mama," alianza, macho sakafuni, "ule ushauri wako... Mimi ndiye mwenyekiti. Naweza kuibadili tarehe kimyakimya, yakaisha."

"Yaishe vipi, mjomba? Wavuvi wafungiwe ziwa bila kuelewa sababu? Wataingia kwa siri, na hutawaweza."

"Sasa unataka nini?"

"Ulinicheka ukumbini, unaniomba chumbani?"

Uso ulimwiva. Waliosema mvuliwa nguo huchutama hawakusema achutame wapi, na ofisi ile ilikuwa ndogo. Aliijua midomo ya wenzake. Wangemtania mpaka kaburini. Lakini alijua pia kwamba kila asubuhi nyavu zinatoka na kizazi kizima tumboni.

Akatoa simu, akampigia katibu.

"Waite watu, leo hii. Ndiyo, wote." Miwani alikuwa akimtazama. "Waambie mwenyekiti alisema upuuzi, anakuja kuufuta mbele yao."